Upande wa Kulia

Ndani ya gari tulikuwa watatu. Wa kwanza ni padri wetu, ambaye ni mtoto wa kijana wangu mkubwa, kwa hiyo ni mjukuu wangu, na ndiye aliyeshika usukani kwenda na kurudi. Wa pili ni katekista, mzee aliyemfundisha padri huyo ishara ya msalaba akiwa bado anavaa kaptula iliyotoboka. Marehemu mke wake alikuwa binamu yangu, kwa hiyo yeye huniita shemeji na hatuna heshima sana tukikutana. Wa tatu ni mimi, ambaye huko nyumbani kila mtu ananiita Kukhu, yaani nyanya, hata watu ambao si wajukuu wangu.

Wawili wengine hawakuwa kwenye gari lakini nawataja mapema, kwa sababu habari hii ni yao kuliko yetu. Mmoja ni mwendesha boda. Wa pili ni mama yake, ambaye tumeuza naye mboga soko la Kiminini miaka mingi, gunia lake likigusana na gunia langu, mimi sagaa na yeye mrenda.

Majina yote ninayo. Shule niliachia darasa la tatu, lakini majina hayajawahi kunipotea. Mtu akisahau dada ya babu yake aliolewa wapi, anakuja kuniuliza nikiwa nachambua mboga, na ninamwambia bila kuinua kichwa. Hapa sitaandika hata moja. Mama ya yule kijana aliniomba. Alisema jina la mtoto wake limetajwa vibaya vya kutosha, sasa likae mdomoni mwa watu wa nyumbani tu. Na kama lake siandiki, ya wengine nitayaandika kwa nini?

Safari ilianza kwa ugonjwa. Padri alikuwa na presha, na askofu akamwambia apumzike, kwa sababu tangu apewe upadri hajawahi kwenda likizo. Wengine wangelala. Yeye alisema anataka kuendesha gari aende mbali, aone nchi ambayo hakuna mtu anayemgongea dirisha ati ng'ombe amekanyaga mtoto. Akachagua Rwanda. Wakristo walifurahi, wakamwambia kanisani, "Fatha, ukirudi utatuhadithia. Si sisi wote tutafika huko." Akaahidi. Jumapili ya kwanza akirudi, alisema, badala ya mahubiri nitawahadithia safari.

Kwetu Bukusu mjukuu wa kiume humwita nyanya yake mke wangu. Ni mzaha wa kwetu, hauna ubaya, na upadri haukumwachisha. Alikuja kwangu asubuhi, akasimama mlangoni na kofia yake.

"Mke wangu, funga mzigo. Tunaenda ng'ambo."

"Bwana gani wewe, uliniacha ukaoa kanisa, leo ndiyo unakumbuka nyumba kubwa?"

"Kanisa limenipa ruhusa."

"Na huyo ni nani kwa gari?"

Katekista akatoa kichwa dirishani. "Ni mimi, shemeji. Mtu na mke wake hawawezi kuachwa peke yao, watu wataongea."

Tukaondoka na pikapu ya misheni, ile ya kabini mbili. Tulipita Bungoma, tukavuka Malaba, tukaingia Uganda. Huko sikuona tofauti sana na kwetu, ila ndizi ni nyingi zaidi na watu wanapiga magoti wakisalimia. Nilikaa mbele, upande wa kushoto, kwa sababu magoti yangu hayapendi kukunjwa. Katekista alikaa nyuma na chupa ya chai, akiuliza kila mji tumefika wapi, halafu analala kabla hajajibiwa. Padri alikuwa anaimba. Sijamsikia akiimba hivyo tangu alipokuwa anachunga ng'ombe.

Baada ya Kabale, ambako baridi yake ni kama ya huku juu Mlima Elgon, tukafika mpaka wa Rwanda. Yule askari wa mpaka alipotaka kutuachilia aliinama dirishani akasema, kwa Kiswahili chake, "Baba, hapa tunatembea kulia. Si kushoto. Ukisahau, utakufa au utaua."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayekuambia viatu vivuliwe mlangoni. Nilikuja kumkumbuka baadaye.

Padri aliingia upande wa kulia, na mimi nikashika mlango kwa mikono miwili. Ilikuwa kama kuingia nyumba ya mtu kwa kupitia jikoni. Kila kitu kilikuwa mahali pake lakini kimegeuzwa. Na usukani wa gari letu uko kulia, kwa hiyo mwenye gari sasa alikuwa ukingoni mwa barabara, na mimi nyanya yake ndiye niliyekaa katikati, nikitazamana na magari yanayokuja. Akitaka kupita lori hakuona mbele. Ilibidi aniulize.

"Mke wangu, kuna kitu?"

"Kuna basi. Tulia."

"Sasa?"

"Sasa kuna pikipiki, halafu hakuna kitu. Pita!"

Ndivyo tulivyopanda na kushuka ile milima yao yote. Akakubali kwamba bila mimi hatungefika. Na kwa kuwa mara mbili alijisahau tulipotoka mahali pa kulala, akaingia kushoto na watu wakapiga honi, akatupa kazi: kila tukiwasha gari, mimi na katekista tuseme kwa sauti, "Kulia!" Tulisema kama watoto wa darasa la kwanza. Kulia. Mkono wa kula. Katekista ni mtu wa Bungoma kabisa, ulimi wake haujali, kwake ilikuwa "Kuria!"

"Wakuria wako mpakani Tanzania," padri alimwambia. "Nitawaingiaje na pikapu?"

"Fatha, wewe ingia tu. Mungu anaelewa."

Tulicheka mpaka nikaumwa mbavu. Naandika hicho kicheko kwa sababu kilikuwepo, na watu wakisikia mwisho wa habari wanafikiri tulikwenda tukiwa na giza usoni. Hapana.

Siku moja padri alitupeleka kwenye kanisa ambalo watu walikimbilia wakati wa yale mauaji, wakauawa humo ndani. Sitaeleza sana. Nguo zao zimewekwa juu ya viti, vile viti vya kanisa vya kawaida kama vyetu, na nguo zimekuwa na rangi moja kwa sababu ya vumbi na miaka. Kuna kaptula za watoto. Katekista alitoka nje. Padri alisimama mbele, mahali ambapo angesimama siku ya Misa, na hakupiga hata ishara ya msalaba. Mimi nilimwuliza yule mama aliyekuwa anatuongoza, "Na majina yao?"

Akasema, "Mengine tunayo. Mengine hakubaki mtu wa kutuambia."

Nililia. Niliposhikwa mkono kurudishwa garini bado nilikuwa nalia, na padri alipowasha gari hatukusema neno letu. Akangoja. Mwisho akaniuliza polepole, "Kukhu, upande gani?"

Nikamwambia, "Kulia."

"Hilo neno lina kazi mbili leo," akasema, tukaenda.

Tulirudi njia ile ile. Mpakani tukabadilisha wimbo, tukaanza kuimba kushoto, na Uganda yote tuliimba kushoto. Hakukosea hata mara moja. Tulipovuka Malaba katekista akasema, "Sasa mnyamaze, bana. Tumefika nyumbani. Huku hata ng'ombe wanajua upande." Tukanyamaza.

Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka wa tohara. Kila boma lilikuwa na vijana wanaopuliza filimbi na kupiga njuga, na kila mama alikuwa na pombe inachacha mahali. Padri alikuwa hajawahi kupata ile Jumapili ya kuhadithia. Kabla haijafika, aliitwa kumpaka mafuta mgonjwa, mzee mmoja upande wa kwenda Saboti. Alikwenda asubuhi, na katekista pamoja naye. Wakamaliza, wakapewa chai, wakatoka.

Lile boma lina lango linalotokea barabara ya vumbi, na barabara ile inashuka katikati ya mahindi na kupinda. Asubuhi hiyo haikuwa na gari, haikuwa na mkokoteni, hata mtu wa miguu hakuwepo. Padri akatoka langoni, akageuza gari, akashuka. Kwenye kona alikutana na boda anapanda.

Mimi nilikuwa sokoni. Habari ilikuja na kelele za vijana wa stendi, "Fatha amegongana na boda! Boda amekufa!" Yule mama jirani yangu alikuwa anafunga mrenda kwa fungu. Alisikia kama sisi wote. Alisema, "Maskini, mtoto wa nani huyo?" Akaendelea kufunga. Halafu mmoja wa wale vijana alipomwona, akakata maneno na kuangalia chini, na mama akaacha mrenda ukaanguka.

Walipofika pale barabarani, watu walikuta pikapu imeingia ndani ya mahindi upande wa kushoto, kwa sababu padri alivuta usukani baada ya kugonga. Walikuta kijana amelala, nguo zake zimelowa pombe, na harufu imejaa mahali pote. Alikuwa amefunga nyuma ya pikipiki mtungi wa busaa, anaupeleka kwa boma lenye sherehe, na ule mtungi ulipasuka ukamwagika juu yake. Yeye mwenyewe hakuwa anakunywa. Alikuwa ameacha pombe tangu alipooa. Lakini mtu akinuka busaa, nani atauliza kama imetoka kwa tumbo au kwa mtungi? Polisi walipokuja padri alikuwa amekaa chini, mkono wa kulia umevunjika, hawezi kusema. Katekista akamsemea.

"Afande, nusa mwenyewe."

Afande akanusa. Ikaisha hapo. Mpaka jioni Kiminini yote ilijua kwamba mlevi amejirusha mbele ya gari la padri, na watu walikuwa wanamwonea huruma padri.

Nilikwenda misheni kumtunza. Alikuwa na plasta mpaka begani. Nilimpikia, akala kwa mkono wa kushoto, vibaya, ugali unaanguka kwa shati. Hakuniita mke wangu. Siku ya pili nilimletea uji, akaangalia kikombe, akaangalia ile plasta, akasema, "Kukhu, nilitoka langoni nikaingia upande gani?"

Nikasema sijui, sikuwepo.

"Nilikwenda kulia," akasema. "Nilisikia kabisa sauti yako kichwani ikisema kulia. Nikatii."

Watu wengine wakisikia hivyo wananiangalia, wanangoja nijilaumu. Sijilaumu. Niliambiwa niseme, nikasema, na tungenyamaza kule Rwanda tungekufa sisi. Lakini neno lenyewe sikulitamka tena kwa muda mrefu. Nikitaka kumwonyesha mtu mkono huu, nilikuwa nauinua tu.

Nilimwacha nikaenda kwenye kilio. Yule kijana alikuwa amejenga karibu na Kiminini, ingawa kwao hasa ni Bungoma, na huko ndiko angezikwa. Mama yake alikuwa amekaa kwenye majani, mguu mmoja ameunyoosha. Nikakaa. Wamama wakatupisha, kwa sababu walijua padri ni wa nani, na sikukaribishwa chai. Sikukasirika. Kwetu mtu ambaye damu iko mlangoni kwake hali kwa watu wa marehemu mpaka wazee wakae na kondoo achinjwe.

Yule mama aliukunja ule mguu. Kisha akasema, bila kunitazama, "Wewe unajua majina ya watu wote."

"Najua mengi."

"Niambie. Umewahi kusikia mtoto akipewa jina la mtu aliyekufa kwa pombe?"

Jibu alilijua mwenyewe. Kwetu jina la marehemu hupewa mtoto, ndipo mtu anarudi nyumbani. Lakini si kila jina. Mtu aliyejiua, mtu aliyekufa kifo cha aibu, jina lake huachwa kando, na likiachwa kizazi kimoja limekwisha.

"Wazee wamekaa jana," akasema. "Wamesema hili lisipewe mtoto. Na mke wake ana mimba. Mimba ya miezi mitano." Akageuza uso, akanitazama sasa. "Mtoto wangu hakunywa. Mimi ndiye nilikuwa namfulia nguo kabla hajaoa, na baada ya kuacha pombe alikuwa anakuja kwangu mchana tunakunywa chai. Nani atasema? Wale wa boda wenzake wamesema alikunywa. Katekista amesema alikunywa. Mimi ni mama tu, mama husema hivyo siku zote."

Nilisimama nikarudi misheni kwa miguu. Katekista alikuwa huko, amekaa karibu na kitanda. Niliwaambia wote wawili maneno ya yule mama kama alivyoyasema. Sikumwambia padri afanye nini. Nilimweleza habari ya jina, basi.

Katekista akasema, "Shemeji, mambo ya majina ni ya kishenzi. Kanisani mtoto anapewa jina la mtakatifu, imekwisha."

"Wewe uliitwa nani kabla hujabatizwa?"

Jina lake ni la babu yake, na babu yake ninamjua.

"Wewe uliona upande?" padri akamwuliza.

"Nilikuwa nafunga mkoba wa mafuta matakatifu. Sikuona kitu."

"Lakini ulimwambia afande anuse."

"Fatha, nilikuokoa. Ulitaka nifanye nini? Parokia nzima inakutegemea. Ukisema hivyo watakufunga, na yule mtu hatafufuka. Jumapili simama, uwahadithie safari yako, watu wafurahi, mambo yapoe."

Padri alikuwa anajaribu kufunga kifungo cha shati kwa mkono wa kushoto, na hakukubali tumsaidie.

Mazishi yalikuwa Bungoma, kwenye shamba la babu wa kijana. Padri mwingine ndiye aliyesoma Misa. Wetu alikuja na gari la kukodi, mimi na katekista tukiwa naye, na watu walishangaa kumwona, kwa sababu si desturi aliyegonga kufika kaburini. Lakini ni padri, wakamtafutia kiti. Vijana wa boda walikuwa wamekuja wengi, wamefunga matawi kwa pikipiki. Mwenyekiti wao alishika kipaza sauti akalia, halafu akasema, "Mwenzetu ametuacha. Na sisi vijana wa boda tujifunze. Pombe na pikipiki haviendi pamoja." Watu wakaitikia, "Kweli!" Nilimwangalia mama wa marehemu. Alikuwa amekaa karibu na jeneza, na kila walipoitikia alikuwa anashuka kidogo, kama mtu anayewekewa mzigo begani.

Mwenye kuongoza sherehe akasema, "Sasa nampa nafasi Fatha wa Kiminini, ambaye ametoka safari ya ng'ambo juzi tu, na huu mkosi ukampata. Fatha, pole sana. Tupe neno la faraja."

Akasimama. Katekista alikohoa.

"Wakristo wangu wa Kiminini," akasema, "niliahidi nitawahadithia safari yangu. Nitawahadithia leo."

Watu wakaanza kunong'ona. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Ati safari? Kwa mazishi?"

"Nilikwenda nchi yenye milima mizuri, na barabara safi. Nilikuwa na furaha kuliko wakati wowote wa upadri wangu. Nawaambia ukweli, nilikuwa siwakumbuki. Huko nilikokwenda magari hupita kulia. Nilijifunza. Nyanya yangu, yule pale, alinikumbusha kila asubuhi. Tulipovuka Malaba nilidhani nimeshageuka, kwa sababu njia yote kulikuwa na magari mengine ya kufuata. Asubuhi ile nikitoka kwa mgonjwa hakukuwa na gari hata moja la kunionyesha. Nikaingia kulia. Nikashuka nikiwa kulia. Ndugu yenu alikuwa anapanda, yuko kushoto, mahali pake kabisa. Pombe ilikuwa ya mtungi. Haikuwa ya tumbo lake. Mimi ndiye nilimfuata upande wake nikamwua."

Nilisikia turubai la hema likipigwa na upepo. Katekista akamvuta padri kwa kanzu. "Fatha, inatosha. Kaa."

Ndipo yule mama akasimama. Alisimama kwa shida, wamama wakamshika mkono, akaitoa mikono yao.

"Wewe nyamaza," akamwambia katekista. "Siku ile uliongea. Leo nyamaza." Kisha akamgeukia mjukuu wangu. "Rudia."

"Mama..."

"Rudia. Wale wazee wa pale nyuma hawakusikia."

Akarudia. Alisema yote tena kutoka mwanzo, kipaza sauti kikiwa karibu na mdomo, na sauti yake ilikuwa inakatika lakini hakuruka neno. Alipofika mahali pa kusema nani alikuwa upande gani, yule mama alikuwa anawatazama wazee, si yeye. Mmoja mmoja. Mpaka wa mwisho akainamisha kichwa.

Kisha vijana wa boda wakaamka. Kwanza walikuwa wanapiga kelele tu, halafu mtu akashika jiwe. Baba mdogo wa marehemu akapanda juu ya kiti na fimbo yake. "Kwa hili boma," akasema, "hakuna damu itamwagika tena kabla udongo haujamfunika huyu! Anayetaka kupiga anipige mimi!" Wakarudi nyuma, wakitukana. Askari waliokuwa wamekuja kwa ajili ya usalama wakamchukua padri. Alipopita karibu nami hakunitazama. Nilipopita mimi, vijana waliniachia njia, na mmoja akanitemea mate karibu na kiatu, si juu yake. Nikarudi Kiminini na katekista kwa gari lile la kukodi, kiti cha kati kiko wazi, na mpaka leo hatujasalimiana.

Mengine yamekwenda kama mambo yanavyokwenda. Kesi iko kortini, inaahirishwa. Askofu amemwambia asisome Misa mpaka iishe. Anakaa Kitale, kwa dada yake huko Tuwan, chumba cha nyuma. Plasta ilitolewa lakini mkono haukunyooka vizuri. Gari hashiki. Wakristo wamegawanyika: wengine wanasema alifanya vizuri, wengi wanasema aliaibisha kanisa bure, kwa mtu ambaye alishakufa. Kaburini kwa kijana hakuna aliyekwenda kuomba msamaha wala kuutoa. Kondoo bado. Wazee wa pande mbili hawajakubaliana siku.

Sokoni yule mama alihamisha gunia lake, sasa anauza karibu na mlango wa kinyozi. Hanisalimii mbele ya watu. Lakini mtoto alipozaliwa alimtuma binti yake kuniita. "Anasema uje usikie kwa masikio yako," binti akasema, "usije ukasema uliambiwa na watu."

Nilikwenda. Nilisimama nje, karibu na ukuta wa jiko, kwa sababu bado sistahili kuketi kwao, na maji sikuomba. Mtoto ni msichana. Kwetu hiyo si shida: jina hubadilika herufi ya mwanzo tu, la mwanamume likawa la mwanamke, na mtu ni yule yule. Mzee mmoja wa wale waliokataa ndiye aliyelitamka. Yule mama alinitafuta kwa macho mpaka akaona kwamba nimesikia. Akafunga mlango.

Kesho yake nilikwenda Tuwan. Mjukuu wangu aliniuliza kitu kimoja, kama mtoto amezaliwa. Nikamwambia amezaliwa. Akauliza wamempa jina gani. Nikamwambia. Alilitamka yeye mwenyewe mara moja, polepole, akaweka mkono mbovu juu ya meza akautazama.

"Sawa, mke wangu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu safari.

Mimi ni mzee, na nimeandika hizi habari polepole, siku nyingine nikiacha katikati kwa sababu ya macho. Nyinyi mliokuwepo, wa Kiminini na wa Bungoma, kama nimekosea nani alikaa wapi, au nani alisema neno gani kwanza pale kaburini, au, wewe shemeji, kama chai tuliyopewa Kabale ilikuwa ya maziwa au ya rangi, njoeni mnisahihishe, niko sokoni asubuhi zote isipokuwa Jumapili. Hata majina ambayo sikuandika, kama mnafikiri nimeyasahau, niulizeni. Lakini upande wa barabara msiuguse. Hapo sijakosea. Mjukuu wangu alikuwa kulia, na yule kijana alikuwa kushoto, mahali pake.